Damu ya baba, namba zangu

Mu familia yetu wanaume hawazeeke. Baba alianguka mu 1996, akitoka kazini kule Kambove, kifua kimemukamata. Alikuwa na miaka 51. Baba mukubwa alimufuata mwaka uliofuata, miaka 54. Pa kilio watu walinong'ona jina la shangazi, eti yeye njo aliwakula. Hata leo kuna nyumba zingine za ndugu ambamo hasalimiwi.

Wasomaji wapendwa, waganga wa lopitali wanasema hivi: kama baba ao kaka yako alipata ugonjwa wa moyo mbele ya miaka 55, ao mama ao dada mbele ya 65, wewe uko na hatari kupita jirani. Njo urithi wetu huo. Shangazi hana neno.

Urithi haubadilishwi, lakini kuna mengine. Mwaka jana walinipima tansio: 16 juu ya 10. Kichwa hakikuuma, na juzi yake nilikuwa nimecheza mupira! Munganga alipima tena siku zingine mbili, maana woga pia unapandisha. Ikirudia kufika 14 juu ya 9, ni tansio ya juu. Haiumi, njo ubaya wake. Moyo unasukuma kwa nguvu mpaka unanenepa kama mukono wa muchimbaji, ila kwa moyo hiyo si afya.

Kisha akaniuliza sigara: hapana. Akatoboa kidole kutafuta sukari: hakuna. Akazungusha kamba kiunoni: sentimetre 104. Kwetu tumbo ya bwana ni sifa ya bibi yake. Munganga hakucheka.

Chumvi njo ilinikamata. Kwa siku isipite gramu 5, kijiko moja kidogo cha chai, pamoja na ile ya kube na ya makayabu. Sasa bibi analoweka makayabu usiku muzima na kumwaga maji mara tatu. Watoto wananunika. Mimi nameza kidonge kila asubuhi, hata nikijisikia muzuri.

Shangazi naye tulimupima. Ana miaka 81: 12 juu ya 7. Alicheka sana.

Anayebaki ni kaka yangu wa Kipushi. Ana miaka 50, anavuta pakiti nzima kwa siku, na hajapimwa hata mara moja. Nimemwambia kwamba mutu akiacha tumbako mwaka moja tu, hatari ile ya moyo iliyoletwa na moshi inapunguka karibu nusu. Amesema atakuja siku ya posho.