Baba, Foni na Kiwanja

Katika masimulizi ya ndege za misheni, shujaa huwa rubani. Sina ugomvi na marubani. Nimekula biskuti zao tangu utotoni. Ila mimi nilikulia pembeni mwa kiwanja cha nyasi huko Ituri, na ninachokikumbuka zaidi ni kazi ya watu waliokuwa chini.

Kongo ilikuwa bado inaitwa Zaire. Barabara ya Bunia kwenda Kisangani, kilomita kama 700, ilikuwa imekufa vipande vipande, na lori lililoingia msituni wakati wa mvua liliweza kukaa humo wiki kadhaa, likitoka tope hili likiingia lile. Hospitali kubwa ya upande wetu ilikuwa Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia. Misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliianzisha kwa pamoja baada ya uasi wa Simba wa mwaka 1964, Dakta Carl Becker akiwa mbele katika kazi hiyo, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache mno kutawanywa kituo kimoja kimoja. Daktari mmoja akigawanywa kwa zahanati zilizotenganishwa na msitu, hana budi kuruka. Hapo ndipo MAF, shirika la ndege za misheni lililoanzia Marekani mwaka 1945 kwa marubani waliotoka vitani, lilipopata kazi kwetu.

Kiwanja chetu kilikuwa cha kanisa. Kanisa lilikilima kwa majembe, kanisa likakifyeka, na mzee wa kanisa aliyekabidhiwa kukitunza alikuwa baba yangu. Foni, yaani redio ya kuitana, ilikaa chumbani mwake, juu ya meza, na waya wake ulitoka dirishani ukapanda mpaka kwenye mparachichi. Kila asubuhi, kabla hatujanywa chai, kituo kwa kituo kiliitwa na kila mmoja akaeleza hali ya hewa ya kwake. Baba alikuwa na vipimo vyake. Kilima cha mbele kikionekana chote, mawingu yako juu ya kutosha. Kikionekana kiunoni tu, ndege isubiri. Mvua ikiwa imenyesha usiku, alikwenda kiwanjani na viatu vyake vya ibada, vyenye kisigino kigumu, akapiga ardhi kwa nguvu hatua baada ya hatua. Kisigino kikizama, alirudi kwenye foni akasema kiwanja kimelegea, na hakuna muzungu aliyebishana naye. Kuna siku gavana alitaka kushuka kwetu, Baba akakataa vilevile.

Kazi ya Mama ilikuwa mizani. Ndege iliyokuja mara nyingi ilikuwa Cessna 206, viti sita pamoja na cha rubani, na kwenye kiwanja kifupi cha nyasi kilo 20 za ziada ni jambo la kufa na kupona. Mama aliuning'iniza kila mzigo kwenye mizani ya kahawa, kisha akawapima wenyewe. Alijua hila zote: unga uliofungwa tumboni chini ya kitenge, samaki wa Tchomia ndani ya mto wa kulalia, mchungaji anayetaja kilo alizokuwa nazo siku ya arusi yake. Sisi watoto tulipewa mbuzi, yaani kuwafukuza. Ndege ikishatua, rubani alizima injini, akaamkia watu wote, na kabla ya kuondoka tena akaomba kwa Kiswahili, kibaya lakini kirefu.

Rubani alikuwa na mke, na mke huyo ndiye tuliyemfahamu kuliko yeye. Mumewe akiwa hewani, ndiye aliyekaa kwenye foni kule Nyankunde akifuatilia: ametoka wapi saa ngapi, anatazamiwa wapi. Watoto wao walikuwa bweni, shule ya wamisionari ya Rethy, kwa hiyo wiki nyingi nyumba ilibaki na yeye na kile chombo. Ndege ikichelewa dakika chache, Mama aliacha sombe jikoni akaja kusimama mlangoni kwa Baba. Wanawake hao wawili hawakuwa wameonana zaidi ya mara chache, lakini walijuana kwa sauti. Mmoja aliuliza malaria ya mwenzake imeishaje, mwingine akauliza barua za watoto. Nadhani hofu yao ilikuwa moja.

Lakini haikuwa moja kwa kila kitu, na vita vilikuja kuonyesha hivyo. Mwisho wa 1996, askari wa Rais Mobutu walipokuwa wakikimbia majeshi ya waasi ya Kabila, walipora kila walikopita, na walichotafuta kwanza kilikuwa magari na foni. Baba aliifunga foni kwenye nailoni akaizika chini ya banda la kuku. Familia za wageni ziliruka kwenda nje ya nchi. Walirudi, wakaondoka tena vita vya Agosti 1998 vilipoanza. Ni haki yao. Mimi pia ningempandisha mwanangu. Ila kila walipoondoka tulijifunza upya kwamba wenzetu wana mahali pa kwenda ndege ikipaa, na sisi kwetu ni pale inapoondokea.

Mwaka 1999 watu wa Ituri wakaanza kuuana kwa makabila. Ndege haiulizi kabila, wanaoizunguka wanauliza. Orodha ya abiria, iliyokuwa kazi ya kalamu na mizani, ikawa kesi: kwa nini huyu, mbona hawa wawili ni wa upande ule? Tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo waliingia Nyankunde. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa kuwa si chini ya 1,200, wagonjwa wakiwa miongoni mwao, na hospitali ikaporwa. Waliookoka walitembea msituni siku nyingi wakielekea Oicha na Beni. Kwenye foni tulisikia vituo vingine vikiita Nyankunde, Nyankunde, bila jibu.

Baadaye kidogo ndege moja ilitufikia. Viti vitano. Baba akaandika orodha: mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu, wanaume wawili waliokatwa mapanga na kuletwa kwa tipoyi (machela), mtoto wa jirani, muuguzi wa kuwasindikiza. Mdogo wangu alikuwa amevunjika mkono, na hakuandikwa. Tulipokimbia, alitembea nasi hadi Uganda mkono ukiwa umefungwa kwa vijiti. Mama hakunyamaza, alimsema Baba mpaka kambini, mbele ya wageni, na Baba hakujitetea hata siku moja. Mkono uliunga kwa kupinda. Siku hizi mwenyewe anapakia mizigo uwanja wa Bunia na kusema Mungu alimpa mkono wenye umbo la kubebea katoni.

Tuliporudi mambo yalikuwa mengine. Bunia ilijaa helikopta za Umoja wa Mataifa. Simu ya mkononi iliua foni bila kuaga. Ndege za petroli ya avigesi, iliyokuja kwa mapipa na kwa bei ya kutisha, ziliachia nafasi ndege kubwa zaidi kama Caravan, zinazotumia mafuta ya jeti, na hizo zilitaka viwanja virefu. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilileta safari nyingi, na chanjo inayotunzwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi. Rubani wa sasa anaangalia hali ya hewa kwenye simu yake. Hakuna kisigino kinachoulizwa kitu.

Kiwanja chetu kikalimwa mihogo. Sasa barabara ya Komanda hadi Luna inashambuliwa na waasi wa ADF mara kwa mara, na kamati ya kanisa imeanza kuzungumza juu ya kukifungua tena, walau kwa wagonjwa. Baba anataka kila boma lifyeke sehemu yake, kama zamani. Vijana wanauliza nani atawalipa. Baba anasema yeye hakulipwa. Alipewa sabuni na shukrani. Nimemwambia, kwa heshima zote, kwamba vijana wana haki, na kwamba fedha ya kufyeka itiwe kwenye hesabu ileile inayotiwa mafuta na vipuri. Amekasirika. Wiki hii hajaniongelesha, ila amemtuma mdogo wangu aniulize kibarua wa Bunia anapata kiasi gani kwa siku, kwa shilingi za Uganda au kwa faranga.