Raia Ndani ya Sare

Katika semina moja ya tafsiri, mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uzamili, nilipewa kifungu kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa nikifasiri kwa Kiswahili. Kazi ilinyooka hadi nilipofika mahali palipozungumzia jeshi lililoundwa kwa haraka kati ya mwaka wa 1791 na 1794. Nikaandika "askari raia". Wenzangu waliangua kicheko. Mmoja aliniuliza, "Ndugu yangu, mtu atakuwaje askari na raia kwa wakati mmoja?" Sikuwa na jibu.

Kicheko kile hakikuwa cha bure. Katika Kiswahili chetu, raia ni yule asiyekuwa askari. Polisi akiivua sare yake, twasema amevaa kiraia. Hata asili ya neno lenyewe katika Kiarabu inatupeleka kwa kundi linalochungwa na mchungaji wake. Nami nakumbuka kwamba utotoni, mtu mwenye magwanda alipoonekana kwenye njia ya kijijini kwetu, tulikimbilia ndani na kufunga mlango, ijapokuwa hatukuwa na kosa lolote. Sare ilikuwa mpaka: huku sisi, kule wao. Hivyo basi, niliporudi kwenye kile kifungu, sikuwa natafuta neno tu. Nilitaka kujua iwapo mpaka huo uliwahi kuvukwa popote.

Jeshi la mfalme wa Ufaransa, hasa askari wake wa miguu, lilivaa makoti meupe. Mfalme alipojaribu kutoroka mnamo Juni 1791 akakamatwa Varennes, Bunge liliwaita watu wa kujitolea kutoka kwa Walinzi wa Taifa. Hao walikuja na makoti ya buluu yenye vipande vyeupe na vyekundu, yaani rangi tatu za taifa jipya. Waliwachagua maafisa wao kwa kura, walilipwa vizuri kuliko askari wa zamani, na aghalabu walijiona kuwa wamekuja kwa msimu mmoja wa vita kisha warejee mashambani na madukani mwao. Ikawa nchi moja ina majeshi mawili kambini: weupe na buluu. Wazee wa kazi waliwadhihaki wageni kwa ubuluu wao, nao wageni wakawarudishia kejeli kwa weupe wao.

Tarehe 20 Septemba 1792, huko Valmy, jeshi hilo la rangi mbili liliwazuia Waprusi, na kesho yake ufalme ukafutwa. Hata hivyo, msomaji asidanganyike kwamba ushindi ule uliletwa na moyo wa kujitolea peke yake. Mizinga iliyofanya kazi kubwa siku hiyo ilikuwa mikononi mwa mafundi waliofunzwa chini ya mfalme. Ari bila ujuzi ni upepo. Ujuzi bila ari ni kibarua.

Yaelekea viongozi walilitambua jambo hilo, kwani mnamo Februari 1793 waliamuru kila batalioni moja ya askari wa zamani iunganishwe na mbili za waliojitolea. Muungano huo uliitwa nusu-brigedi, kwa sababu neno rejimenti lilinuka ufalme. Kwenye karatasi, nusu-brigedi ilikuwa na askari takriban 2,400. Utekelezaji wenyewe ulishika kasi mwaka wa 1794. Mimi napenda kuuita mseto, maana katika mseto kila punje huonekana, ila chungu ni kimoja. Wote walitakiwa kuvaa buluu.

Kuamuru ni jambo moja, kupata kitambaa ni jingine. Tarehe 23 Agosti 1793 taifa zima liliitwa vitani. Vijana wasio na wake wala watoto, wenye umri wa miaka 18 hadi 25, waende kupigana. Waume wafue silaha. Wanawake washone mahema na nguo. Watoto wachambue vitambaa vya kufungia vidonda. Wazee wakae viwanjani wakiwatia watu moyo. Hata sakafu za vyumba vya chini ya nyumba zilioshwa ili kupata shura ya kutengenezea baruti. Kufikia 1794 inakadiriwa watu 750,000 hivi walikuwa chini ya bendera. Nguo hazikutosha. Wengine walibaki na makoti meupe ya zamani, wengine walivaa nguo walizotoka nazo nyumbani, wengine viatu vya mbao, na wengine hawakuwa na viatu kabisa. Huko Strasbourg, mnamo Novemba 1793, Saint-Just aliamuru matajiri wa mji wavuliwe jozi 10,000 za viatu ili wavalishwe askari.

Hapo ndipo Kiswahili kilinifunza jambo ambalo vitabu havikunifunza. Neno sare kwetu lina maana mbili. Ni vazi la namna moja, na ni hali ya timu mbili kutoshindana: zimetoka sare. Wafaransa wale walikosa sare ya kwanza, ilhali waliitafuta ile ya pili, kwamba mtoto wa fundi viatu aweze kuwa jenerali. Na baadhi yao waliupata ujenerali huo.

Je, mpaka ulivukwa basi? Nusu tu. Mnamo Aprili 1793 wanawake waliokuwa jeshini waliamriwa kuondoka, isipokuwa wafuaji na wauza vyakula. Waliruhusiwa kushona sare, si kuivaa. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, wakulima wa Vendée waliasi walipotakiwa kutoa vijana wao, na wale buluu wakatumwa kuwaua Wafaransa wenzao. Kwa mkulima yule aliyefunga mlango wake, koti la buluu lilikuwa na tofauti gani na lile jeupe? Mwaka wa 1798 kujiunga na jeshi kulifanywa sheria ya kudumu, na mwaka uliofuata jenerali Bonaparte alitwaa serikali kwa msaada wa jeshi lilo hilo.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilimkumbuka mama akibana komeo, nikajua kwamba rangi ya sare siyo inayomtoa mtu hofu. Kinachomtoa hofu ni kujua kuwa aliyeivaa angali anajihesabu kuwa mmoja wetu, na kwamba tunaweza kumuuliza.

Sikulibadilisha neno langu. Nilimwambia yule mwenzangu kuwa kicheko chake ndicho kilichonithibitishia kuwa tafsiri ni sahihi. Huko Ufaransa kwenyewe, ambako askari wa mfalme alidharauliwa na kuogopwa, maneno hayo mawili yaliwekwa pamoja ilhali hayakuwa yamezoeana. Kuyalainisha kungekuwa kumwonea msomaji. Na ayasome yakigombana, ajiulize, kama nilivyojiuliza mimi, ni lini kwetu yatapatana.