Ihanja: Ufa huzibwa kabla ya mvua

OKTOBA ikifika ukingoni, Ihanja huwa imekauka kweli kweli. Alizeti ilishavunwa zamani, mashamba yamebaki na mabua yaliyoachiwa ng'ombe, na upepo hupuliza vumbi jekundu mpaka likaingia kwenye vyungu vilivyofunikwa. Kati ya mashamba imesimama miamba mikubwa ya mawe, mingine imepandana kana kwamba kuna mtu aliyeipanga. Mvua bado. Lakini wenye nyumba za udongo wameshaanza kutazama mawingu, na wakitoka kutazama mawingu wanageuka kutazama kuta zao.

Ihanja ni kata katika Wilaya ya Ikungi, kusini mwa mji wa Singida. Ni nchi ya Wanyaturu, watu wa uwele, mtama, alizeti na ng'ombe. Mvua ya huku ina msimu mmoja tu: huanza Novemba au Desemba na kukoma karibu na Aprili. Maana yake ni kwamba nyumba hukaa zaidi ya nusu mwaka ikipasuliwa na jua na upepo, kisha hunyeshewa mfululizo. Kazi ya kuitengeneza kwa nje ina wakati wake, na wakati huo ni mfupi.

Katika ua mmoja, mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 anapita taratibu kandokando ya tembe lake akiwa na kijiti mkononi. Kila penye ufa anakiingiza kijiti kupima kina. Mkwewe, mwenye ujauzito wa miezi saba, anamfuata nyuma akiwa amebeba ndoo tupu. Mlangoni imelala mifuko mitatu ya saruji. Imetumwa na mume wa binti huyo, anayefanya kazi Dar es Salaam, pamoja na maagizo kwa simu: fundi apige plasta kuta zote kabla mtoto hajazaliwa.

"Mama, fundi anasema atakuja kesho," anasema mkwe.

"Aje, mwanangu. Tutamkaribisha chai. Lakini ukuta huu haupakwi saruji."

Nyumba yenye ngozi

Tembe ni nyumba ya kale ya kanda ya kati. Wagogo, Wanyaturu na majirani zao waliijenga kwa sababu ilifaa nchi yenye upepo mkali, jua kali na mvua chache. Ni fupi, ina pembe nne, na paa lake ni bapa. Nguzo zenye panda hubeba boriti. Juu ya boriti hupangwa fito, juu ya fito nyasi, na juu kabisa udongo. Kuta ni za miti iliyokandikwa au za matofali mabichi. Mchana ndani kuna ubaridi, usiku kuna joto.

Siku hizi nyumba za matofali ya kuchoma na bati zimeongezeka, na katika boma moja unaweza kukuta zote mbili: ya bati mbele, tembe nyuma likiwa jiko, ghala au chumba cha mzazi. Katika ua huu nyumba ya bati ipo, ila haijamalizika. Mtoto atazaliwa na kulelewa kwenye tembe.

Mama anayajua haya ndiyo maana hana haraka. Ukuta wa udongo, anasema, una ngozi kama mtu. Ukivuta unyevu, lazima uutoe. Saruji ni ngumu na nzito, udongo ni laini na hucheza: hutanuka kidogo ukilowa, hujikunja ukikauka. Vitu hivi viwili havitembei pamoja. Plasta ya saruji iliyopakwa juu ya udongo huonekana nzuri mwaka wa kwanza. Baadaye hupasuka nyufa nyembamba, maji yakaingia na kukosa pa kutokea, ukuta ukaoza nyuma ya plasta bila mwenye nyumba kujua. Siku plasta inapobanduka, hubanduka na kipande cha ukuta.

Mgeni wa usiku

Ila ufa hauogopwi kwa sababu ya maji tu. Binti anapoinama kutazama ufa ulio karibu na kitanda, upande wa ndani, mama anamvuta mkono.

"Hapo ndipo anapolala papasi."

Papasi ni jamii ya kupe, wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, bapa kama harage dogo lililobanwa. Mchana hujificha katika nyufa za kuta, kwenye vumbi la sakafu na chini ya vitanda. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi mafichoni. Aliyeng'atwa anaweza asijue kabisa. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula na asife, na akiwa na vimelea vya ugonjwa huwarithisha watoto wake kupitia mayai.

Ugonjwa huo ni homa ya papasi. Mgonjwa hupata homa kali, kichwa na viungo vikauma. Baada ya siku chache homa hupoa akadhani amepona, kisha hurudi tena. Wengi huifikiria kuwa malaria. Kwa mama mjamzito ni hatari zaidi, kwani huweza kuharibu mimba, kuleta uchungu kabla ya wakati au kumuua mtoto mchanga.

Habari hizi zina historia ndefu katika Afrika ya Mashariki na Kati. Mwaka 1905 mwanasayansi wa Kijerumani, Robert Koch, alikuta papasi wenye vimelea katika njia za misafara ya nchi hii, ilipokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka huohuo daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu Kongo, alifariki dunia baada ya kuugua yeye mwenyewe. Kimelea cha homa hiyo kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Na katika miaka ya 1990, huko Mvumi mkoani Dodoma, nyumba zenye papasi zilipopuliziwa dawa, watoto wa chini ya miaka mitano walioupata ugonjwa huo walipungua.

Kwa hiyo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, katika ua huu, ni pungufu. Asiyeziba ufa anaweza kujikuta anampoteza mtoto.

Siku nne za kazi

Siku ya kwanza hakuna udongo unaoguswa. Ni siku ya kusafisha. Ukuta wa udongo hauoshwi kwa maji. Hufagiwa kwa ufagio mkavu kutoka juu kwenda chini. Njia za mchwa, zile mfano wa mishipa ya udongo inayopanda ukutani, hukwanguliwa zote, kwa sababu zikibaki mtu hawezi kujua kama mchwa bado wanapita. Kipande kinacholia wazi kikigongwa kwa kidole hubanduliwa, hata kama kwa macho kinaonekana kizima. Ufa nao hupanuliwa kidogo kwa kisu na kutolewa vumbi lote, maana udongo mpya haushiki juu ya vumbi.

Siku ya pili ni ya udongo. Wanawake wa jirani wamekuja kusaidia, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu udongo wa kichuguu, ule unaonata. Mama anaujaribu kwa njia aliyofundishwa: analowesha donge, analiviringisha kama kamba. Likikatika upesi, mchanga umezidi. Likijikunja bila hata kupasuka, udongo umenata mno na ukikauka utafanya nyufa, huongezwa mchanga. Kisha huingia nyasi kavu zilizokatwakatwa, za kuushikilia, na mavi ya ng'ombe yaliyo mabichi, ambayo huufanya ulainike na usipasuke ovyo. Mchanganyiko hukanyagwa kwa miguu na kuachwa ulale usiku kucha. Mwenye kidonda mkononi au mguuni hakanyagi wala hakandiki, na wote hunawa kwa sabuni kabla ya kula.

Siku ya tatu ukuta hunyunyiziwa maji kidogo, kisha nyufa huzibwa kwa kusukuma udongo ndani kabisa kwa vidole. Ufa mkubwa haujazwi kwa mara moja; huwekwa tabaka, likakauka, likafuata jingine. Siku ya nne hupakwa tabaka jembamba la mwisho kwa kiganja. Kazi hii huanza asubuhi na mapema au hungoja jua lipungue, kwa sababu udongo unaokaushwa haraka na jua la Singida hupasuka kabla haujashika.

Wakati wanawake wanakandika, kijana wa jirani yuko juu ya paa. Anang'oa majani yaliyoota msimu uliopita, kwani mizizi yake ndiyo inayopitisha maji. Yeye ana onyo lake. Watu wengi paa likivuja huongeza udongo juu ya udongo, mwaka baada ya mwaka. Chumba chenye mita za mraba 20, paa likiwa na unene wa sentimita 10 tu, tayari kimebeba karibu tani tatu, na mvua ikinyesha uzito unazidi. Nguzo zilizoliwa na mchwa haziwezi. Kwa hiyo hukwangua kwanza udongo uliochoka, akagonga kila boriti kusikia kama imetoboka ndani, ndipo akaweka mpya. Boriti iliyooza hubadilishwa, haifunikwi.

Mlango na saruji

Mlango wa tembe hili ni wa mninga, umegeuka kijivu kwa jua. Kijana alishauri upakwe oili chafu ya gari kama nguzo za uzio. Mama amekataa. Oili iliyotumika ina mabaki ya vyuma na sumu nyingine, na mlango ni mahali ambapo kila mtoto hujishikiza anapojifunza kusimama. Badala yake mlango umesuguliwa kwa msasa kufuata mistari ya mbao, ukafutwa vumbi, ukapakwa mafuta ya alizeti kwa kitambaa. Singida haikosi alizeti. Mafuta hayo hukauka polepole, kwa hiyo hupakwa kidogo sana na kufutwa yanayobaki juu, la sivyo mlango unanata na kukamata vumbi. Yakikauka baada ya wiki kadhaa hurudiwa. Kitambaa kilicholowa mafuta huanikwa wazi, hakikunjwi kikatupwa pembeni, maana vitambaa vya mafuta vikirundikwa vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka.

Asubuhi ya siku ya nne fundi anafika na mwiko wake. Anakuta kuta zimeshakandikwa. Anasimama kidogo, anatazama mifuko, anamtazama mama.

"Sasa mama, mimi nifanye nini?"

"Saruji ikae chini, mwanangu. Udongo ukae juu ya udongo."

Wanaelewana. Sakafu ya chumba cha kulala, iliyokuwa na mashimo ya panya na nyufa, inachimbwa, inashindiliwa mawe na kokoto, kisha inamiminwa zege na kulainishwa. Papasi hapendi sakafu isiyo na pa kujificha. Saruji iliyobaki inatengeneza mfereji mdogo nje, hatua chache kutoka ukutani, ili maji ya paa yasimwagike kwenye miguu ya nyumba. Hapo ndipo kuta nyingi za udongo huanza kufa: matone yanarusha tope, tope linalika ukuta kutoka chini. Mawe yamepangwa kulizunguka tembe kulinda sehemu hiyo.

Jioni simu inapigwa kutoka Dar es Salaam.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Nzuri, mama. Plasta imekwisha?"

Mama anaeleza yote, kuanzia papasi hadi mfereji. Upande wa pili pako kimya kwa muda.

"Ila mama, watu wataona tumebaki na nyumba ya udongo."

"Watu watakuja kumuona mtoto," anasema mama. "Nataka wamkute mzima."

Haitoshi kukandika peke yake, na mama hasemi kwamba inatosha. Kitanda kimesogezwa mbali na ukuta, neti imechomekwa chini ya godoro, na binti ameambiwa kwamba homa yoyote, hata ile inayopoa yenyewe, ni ya kwenda nayo kituo cha afya siku hiyohiyo na kumweleza mganga kuwa analala kwenye tembe.

Mvua ya kwanza inakuja usiku, wiki ya tatu ya Novemba, kwa upepo mwingi na ngurumo. Asubuhi ua unanuka udongo uliolowa na kumbikumbi wametapakaa kila mahali. Mama anatoka na kijiti chake. Paa halikuvuja. Mfereji umejaa maji yaliyosimama mbali na ukuta. Upande wa magharibi, chini ya boriti ya pili, anakuta ufa mpya mwembamba kama uzi.

Anamwita mkwewe alete ndoo. Udongo kidogo ulibakizwa makusudi, umefunikwa kwa gunia.