Nyuma ya Bastola ya Steringi

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo mpenzi wa picha za kauboi. Kumtambua si kazi. Wenziwe wanapotazama farasi na vumbi, yeye huhesabu risasi. Steringi akifyatua bastola yake mara ya saba bila kuijaza, mtu huyo huguna, huinua kidole, na amani ya sebule huwa imekwisha. Usimkasirikie. Mimi nimekaa na watu wa namna hiyo kwa miaka mingi, na nimejifunza kwao jambo ambalo sikulipata katika chuo cha uandishi wa habari.

Mkubwa wao ni mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda kimoja cha mjini Dar es Salaam. Yeye na rafiki zake walikuwa vijana katika miaka ya 1970, wakati majumba ya sinema kama Avalon na Empire yalipokuwa yakijaa watu. Majumba hayo yamenyamaza, lakini wazee hawa hawakunyamaza. Jumapili jioni hukusanyika barazani Keko, kahawa na kashata mbele yao, na kuanza mabishano yaleyale: bastola ile ilikuwa ya aina gani, na je, mwaka ule ilikwishatengenezwa?

Usidhani ni mabishano ya watu wasio na kazi. Chukua ile bastola ya Colt inayoonekana karibu katika kila picha ya aina hii. Ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Ina vyumba sita vya risasi, lakini watu wengi wenye busara waliipakia risasi tano tu, wakaacha chumba kimoja kitupu chini ya nyundo, kwa kuwa bastola ikianguka ama ikigongwa, nyundo iliyolalia risasi iliweza kumuua mwenyewe. Basi steringi anayefyatua mara kumi mfululizo anawachekesha wanaojua. Kadhalika, katika picha ya The Comancheros ya mwaka 1961, ambayo hadithi yake inatokea mwaka 1843, wachezaji wanabeba bastola ambayo ilikuwa bado miaka thelathini kuzaliwa.

Hoja anayoipenda zaidi mjomba ni ya Stagecoach, picha ya John Ford iliyotoka mwaka 1939 na kumfanya John Wayne awe mtu mashuhuri. Humo Wayne anasimama kando ya njia na kuzungusha bunduki ya Winchester kwa mkono mmoja ili kulisimamisha gari la farasi. Ni tendo la kupendeza sana. Lakini bunduki ile ni ya mfano wa mwaka 1892, na abiria wa gari lile wanakimbia kwa kumwogopa Geronimo, kiongozi wa Waapache, ambaye historia inatuambia kwamba alijisalimisha mwaka 1886. "Sasa niambie," mjomba huwauliza wenzake, "bunduki ile aliazimwa na nani?"

Jibu halimo katika historia. Limo katika ghala la vifaa. Katika kupiga picha hizi hutumiwa risasi baridi, yaani ganda lenye baruti lakini halina kichwa cha risasi. Watengenezaji wa Marekani walikuwa na aina moja ya risasi baridi iliyotoshea bastola ya mwaka 1873 na pia bunduki ya mwaka 1892. Mtunza silaha aliyekuwa jangwani na wachezaji hamsini hakuwa na haja ya kubeba masanduku ya aina kumi, wala kuogopa kwamba mtu angechanganya moja na nyingine. Kwa hiyo kosa lile la miaka lilitokana na hesabu ya mfanyakazi aliyetaka kazi yake iwe nyepesi na salama.

Utaniuliza, msomaji wangu, mambo haya yana faida gani kwa mtu mwenye watoto wa kulisha na nauli ya daladala ya kulipa. Nakuomba subira kidogo, tuende Hispania.

Huko ndiko Mwitaliano Sergio Leone alikotengenezea picha zake zilizompa sifa Clint Eastwood. Jangwa la Tabernas, mkoani Almería, lilifanywa kuwa Marekani. Katika picha ya The Good, the Bad and the Ugly, iliyotoka mwaka 1966, liko daraja linalolipuliwa. Daraja hilo lililipuliwa mara mbili. Mara ya kwanza ishara ilitolewa bila kueleweka vizuri, nalo likaruka hewani kabla kamera hazijaanza kufanya kazi. Askari wa Hispania waliolijenga ikawabidi walijenge tena. Katika picha hiyohiyo mchezaji Eli Wallach alilala kando ya reli huku gari moshi likipita. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ngazi za chuma zilitokeza nje ya mabehewa. Kama angeinua kichwa, zingekikata. Siku nyingine alishika chupa ya soda akanywa, kumbe ndani yake fundi alikuwa ameweka asidi ya kazi. Aliitema kwa bahati. Hayo aliyasimulia mwenyewe alipokuwa mzee, na wapenzi wa picha huyasimulia wakicheka.

Wapenzi hao hawaishii katika kucheka. Yale makaburi ya duara ambamo watu watatu wanakabiliana mwishoni mwa picha yalijengwa na askari haohao katika mkoa wa Burgos, makaburi ya uongo yapatayo elfu tano. Baadaye udongo na majani vikayafunika. Kuanzia mwaka 2015 watu wa kujitolea walikwenda na sepetu na majembe, wakafukua ule uwanja wa mawe. Mjomba alipoiona habari hiyo katika simu ya mjukuu wake, alisema kitu kimoja tu: "Wamewakumbuka waliochimba."

Sasa nifike kwenye jioni ambayo baraza lilinyamaza. Tarehe 21 Oktoba, 1921 ingekuwa habari ya kale. Lakini hii ilikuwa mwaka 2021. Katika shamba moja karibu na Santa Fe, jimbo la New Mexico, ilikuwa ikitengenezwa picha ya kauboi iitwayo Rust. Mchezaji Alec Baldwin alikuwa katika mazoezi, mkononi ana bastola ya mfano ule wa Colt. Ilikuwa imetangazwa kuwa ni baridi. Ikalia, na risasi ya moto ikatoka. Ilimuua mpiga picha mkuu, Halyna Hutchins, mwanamke wa miaka 42 mzaliwa wa Ukraine, aliyeacha mume na mtoto mdogo wa kiume. Mwongozaji, Joel Souza, alijeruhiwa begani. Asubuhi ya siku hiyohiyo baadhi ya wafanyakazi wa kamera walikuwa wameacha kazi, na miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa usalama. Mtunza silaha alipatikana na hatia mwaka 2024, akahukumiwa kifungo cha miezi kumi na minane. Mashitaka dhidi ya Baldwin yalifutwa mwaka huohuo.

Wazee waligawanyika. Mmoja alisema mwenye kushika bastola ndiye mwenye dhambi. Mwingine akasema mchezaji ni mchezaji, hawezi kujua. Mjomba alisubiri wamalize, kisha akatueleza habari ambayo mimi, mpwa wake, sikuwahi kuisikia. Kiwandani kwao, kijana mmoja aliingiza mkono katika mashine ili kutoa chuma kilichonasa. Alikuwa ameambiwa mashine imezimwa. Aliyemwambia naye alikuwa ameambiwa. Kijana alipoteza vidole viwili, na wote waliohusika walikuwa wamesema kweli kwa kadiri walivyoambiwa.

"Mpwa wangu," akaniambia, "tangu siku ile mimi sikupokea neno 'imezimwa' kwa masikio. Nilikwenda nikaitazama swichi kwa macho yangu. Kama bastola ile wangeifungua watu wawili, mmoja baada ya mwingine, yule mama angerudi kwa mwanawe."

Ndipo nilipoelewa kwa nini wazee hawa wanahesabu risasi. Watu waliofanya kazi za mikono hawawezi kutazama chombo bila kujiuliza kimetayarishwa na nani, na kimekaguliwa na nani. Chupa isiyo na alama, ishara isiyoeleweka, ngazi iliyotokeza, bastola isiyofunguliwa: nne hizi ni jambo moja. Mara tatu bahati iliwaokoa watu, nasi tukapata visa vya kuchekesha. Mara ya nne bahati haikuwapo.

Basi, ndugu msomaji, leo watoto wakikaa nawe kutazama picha ya kauboi, usiwafukuze, wala usimnyamazishe babu anayehesabu risasi. Waache wahesabu pamoja naye. Waambie kwamba steringi huinuka baada ya kuanguka kwa sababu wako watu wasioonekana waliofungua kila bastola na kutazama ndani yake. Kisha, ukiwa na nafasi, nenda jikoni ukaitazame ile chupa ya soda uliyotilia mafuta ya taa.