Pumzi na Rozari

Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake hata pembezoni mwa mji wetu wa Goma. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame, maana ardhi ilitetemeka bila kukoma. Tuliporudi, nyumba zilikuwapo, lakini usingizi ulikuwa umetukimbia. Lori likipita tu, tulikurupuka.

Muuguzi mmoja alitufundisha, sisi mama watatu majirani, kukaa juu ya mkeka, kunyosha mgongo na kuvuta pumzi polepole. Jina lake yoga. Lo, maneno ya mtaani! Wengine walisema twaabudu miungu ya Wahindi. Usiku tulilala, lakini Jumapili tuliogopa kukaribia Komunyo.

Mwaka 2023 zikabaki nafasi tatu katika basi la mahujaji waendao Kibeho, Rwanda, kwa mafungo ya roho. Sisi hatukuwa na hata faranga moja. Jumuiya yetu ikatuchangia. Kule Bikira Maria alianza kuwatokea wasichana wa shule tarehe 28 Novemba 1981, naye Askofu Augustin Misago akayakubali matokeo hayo mwaka 2001.

Tulimwuliza padri wa mafungo waziwazi. Hakucheka. Alitusimulia habari za Jean-Marie Déchanet, mmonaki Mbenedikto, aliyetoa mwaka 1956 kitabu La Voie du silence, juu ya yoga kwa Wakristo. Tena mmonaki huyo aliishi Kansenia, Katanga. Kumbe, katika Kongo yetu hii hii! Kisha akatueleza barua ya Roma ya tarehe 15 Oktoba 1989: mwili waweza kusaidia sala, lakini raha ya mwili isidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu.

Jioni tulisali Rozari ya Mateso Saba. Mkeka ulikuwa umetupa usingizi. Pale tulipewa machozi. Mmoja wetu aliwataja kwa majina ndugu zake waliokufa vitani, jambo ambalo hatukupata kumsikia akilifanya tangu tujuane. Hatukumnyamazisha. Tulikaa naye hata usiku mwingi, na kwa kweli magoti yaliuma sana.

Sasa kila jioni twavuta pumzi kwanza, kisha twashika rozari. Juzi jirani aliyetutukana kuliko wote alibisha hodi. Mgongo wamsumbua, asema. Alikuja na mkeka wake.