Kuna cha Muhimu Humu?

Pale Maili Moja, Kibaha, kompyuta haibadilishwi mfumo endeshi. Inapigwa windo. Usemi huu umezoeleka kiasi kwamba hata anayewekewa Linux ataambiwa kapigiwa windo. Unampelekea fundi laptopu iliyochoka, unaiacha saa nne asubuhi, unaifuata saa kumi jioni. Ikirudi inawaka haraka, na uso wa skrini umebaki mtupu kama nyumba iliyohamwa.

Fundi mwungwana, kabla hujaondoka dukani kwake, hukuuliza swali moja: "Kuna cha muhimu humu?"

Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na nimeliuliza mara nyingi zaidi, maana katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesomea kompyuta, kwa hiyo mimi ndiye fundi wa bure. Ni swali gumu linaloulizwa kirahisi mno. Mteja amesimama mlangoni, bodaboda inamsubiri. Atasema "picha kidogo tu", au "hivyo vya kwenye folda ya nyaraka". Basi. Miaka minane ya maisha yake imejibiwa kwa pumzi moja.

Jirani yangu wa Picha ya Ndege alijibu vivyo hivyo. Alikuwa anaandika tasnifu ya shahada ya uzamili, na aliiweka kwenye uso wa skrini ili aione kila akiwasha kompyuta. Fundi akanakili folda ya nyaraka na ya picha, kama alivyoambiwa, akafuta diski, akapiga windo. Simtaji fundi huyo, alifanya alichoagizwa. Kwa fundi, vitu vya kwenye uso wa skrini viko katika folda nyingine kabisa. Kwa jirani, uso wa skrini ndio ulikuwa kompyuta yenyewe. Sura mbili zilipatikana kwenye barua pepe alizomtumia msimamizi wake. Ya tatu aliiandika upya.

Wapo wanaosema kosa ni kufuta diski, kwamba ukipandisha mfumo mpya juu ya ule wa zamani faili zako hubaki. Kwa kawaida ni kweli. Windows hata huuweka kando mfumo wa zamani kwa siku 10, ukijuta urudi. Lakini Oktoba 2018 Microsoft walitoa toleo jipya la Windows 10, na baada ya siku chache wakalisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu walikuta nyaraka zao zimefutwa. Waliopatwa ni watu kama wale waliokuwa wamehamishia folda zao kwenye diski nyingine huku faili kadhaa zikibaki mahali pa zamani. Mfumo mpya ukaihesabu folda ya zamani kuwa haina kazi, ukaisafisha na vilivyokuwamo. Toleo lilirudi Novemba, likiwa limerekebishwa. Kinachonivutia katika kisa kile ni kwamba programu ya kampuni kubwa vile ilifanya kilekile kilichotokea Maili Moja: iliamua yenyewe vitu vya watu viko wapi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida. Wiki hiyo shangazi yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Kisarawe, alinipigia simu.

"Baba, kompyuta inaniambia muda umekwisha. Wangu au wake?"

Laptopu yake ni ya 2014. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, iwe kwa kawaida ya kizazi cha 8 au zaidi, vizazi vilivyoanza kutoka 2017. Kwa hiyo huko hakukuwa na njia. Nikamshauri tuweke Linux Mint. Yeye anaandika barua, anasoma magazeti na kutunza hesabu za kikoba. Hakuna hata kimoja kinachohitaji zaidi ya hapo. Akakubali kwa sharti moja.

"Usinipotezee bibi yako."

Sikumwelewa, na simu ikakatika.

Kibaha na Kisarawe ziko mkoa mmoja wa Pwani, lakini kwa daladala unalazimika kupita Dar es Salaam: unashuka hadi Mbezi, unakatiza Kinyerezi hadi Gongo la Mboto, kisha unapanda vilima vya Pugu. Nilibeba SSD mpya, diski ya nje, kasha la kuvalisha diski ya zamani, flashi yenye Mint, na bisibisi. Nilikusudia kutoifuta kabisa diski yake. Unainakili kwanza, maana diski inayozunguka tangu 2014 inaweza kufa siku yoyote. Halafu unaitoa, unaweka mpya mahali pake, na mfumo mpya unaingia kwenye mpya. Ile ya zamani inakwenda kabatini ikiwa na kila kitu kama kilivyokuwa. Ni njia ya gharama kidogo kuliko ya Maili Moja, lakini siijui iliyo bora kuliko hiyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kunywa chai kwanza."

Baada ya chai nilimwomba daftari. Sikumuuliza kama kuna cha muhimu. Nilimuuliza mwaka 2015 alikuwa anaitumia kompyuta kwa kazi gani, kisha 2016, hivyo hivyo hadi leo, na kila alichotaja nikakipa namba. Yakatoka mambo. Mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Barua za kufuatilia pensheni. Nywila ambazo hazijui kwa kichwa, zimehifadhiwa na kivinjari tu, ambazo zisingehama pamoja na nyaraka. Stakabadhi za kikoba alikuwa anazitunza ndani ya pipa la taka la kompyuta. Nilidhani anatania. "Kule hakuna anayechungulia," akasema, na kwa kweli hoja yake ilikuwa na mantiki, ila pipa hilo ndilo la kwanza kumwagwa na fundi yeyote.

Namba 9 ilikuwa bibi.

Mwaka 2011, kule shambani Maneromango, baba mdogo alimrekodi bibi kwa simu ya Nokia akitaja waliozikwa chini ya kila mkorosho na mwembe, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kizaramo. Bibi alifariki 2013. Baba mdogo naye hayupo. Sasa ndugu walikuwa wanataka kuuza kipande cha shamba kwa mtu wa mjini, na makaburi matatu hayana saruji wala jiwe, yana miti tu, mmoja wake ulishakatwa. Kikao cha ukoo kilikuwa mwezi unaofuata. Shangazi alijua sauti ipo, kwa kuwa aliwahi kuliona faili lake. Hakujua iko wapi.

Tuliitafuta kwa aina ya faili. Ilikuwa ndani ya folda ambayo hakuna aliyewahi kuipa jina, ile ambayo kompyuta hujiandikia yenyewe, na namba 3 mbele. Jina la faili ni tarakimu tupu, mwisho wake "amr", namna simu za zamani zilivyohifadhi sauti. Ukubwa wake haufiki MB 1. Kichezeshi cha Windows alichokuwa nacho kilikataa kulifungua, na alama yake ni karatasi nyeupe. Mimi mwenyewe, ningelikuta kwenye laptopu ya mteja, ningelipita.

Nikaweka VLC. Kwanza kuku, halafu upepo, halafu bibi anakohoa na kumwambia baba mdogo asogeze kigoda. Dakika 9. Shangazi alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kikombe kisicho na chai, kisha akasema, "Rudisha pale kwenye mwembe." Nikarudisha mara nne, yeye akiandika majina.

Kunakili kulitumia mchana wote. Nilihesabu faili kabla na baada, nikafungua nyaraka moja moja kutoka kila folda ya nakala, na sauti ya bibi niliisikiliza yote tena kutoka kwenye diski ya nje. Nikatengeneza pia nakala ya mp3 ili ndugu waisikie kwenye simu zao, lakini ile ya asili sikuigusa. Diski ya nje nilirudi nayo Kibaha, ili nyumba moja ikiungua au kuvunjwa, nyingine ibaki nayo. Kuweka Mint kwenyewe kulichukua chini ya saa moja, tena umeme ulikuwa mzuri.

Diski ya zamani iko kabatini kwake, imefungwa kwenye kitambaa cha kanga, na juu yake amebandika karatasi yenye tarehe kwa mwandiko wa ubaoni. Katika daftari vitu vyote vina alama ya vema isipokuwa namba 14, picha za harusi ya binamu yangu. Shangazi anaamini zimo humo. Nimetafuta kwa jina, kwa tarehe na kwa aina, sijaziona. Binamu anasema huenda zilibaki kwenye kompyuta ya mpiga picha, Tandika, na Jumamosi nitakwenda kumuuliza kabla naye hajapiga windo.