Pasta, Karibu ku Meza

Katika kurasa hizi tumesoma mengi juu ya ndoa, juu ya vijana, juu ya pombe na madeni. Juu ya tumbo la mchungaji hakuna mtu ameandika. Basi niandike mimi, kwa sababu ninalo, na wale wanaonijua wanajua kwamba linaonekana hata nikivaa koti.

Mimi ni mtu wa kupenda kula. Sisemi ulafi. Neno hilo ni la bibi yangu, na analisema mbele ya watoto. Mimi ninasema kupenda.

Nilizaliwa ku kambi ya Shituru, karibu na viwanda vya shaba, na baba yangu alikuwa mfanyakazi. Wazee mnakumbuka posho. Mshahara ulikuwa wa baba, lakini posho ilikuwa yetu sisi sote: bunga, samaki, mafuta. Siku ya posho kambi nzima ilinuka vitunguu. Halafu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukabomoka, na miaka iliyofuata kazi ya shaba ikaanguka Katanga mzima, nasi tukaanguka nayo. Posho ikaanza kuchelewa. Halafu ikapungua. Halafu tukasahau siku yake. Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka kumi na kitu, na masikio yangu yalijifunza kazi moja: kusikia mwiko ukigonga sufuria nyumba tatu mbali na kwetu. Mtoto aliyelala na njaa, akikua na kupata sahani, haiangalii ile sahani kama watu wengine. Sijitetei, ninawaambia tu nilivyo.

Ku shule ya Biblia nilikula maharagwe miaka mitatu. Hayo tuyaache.

Sasa ninyi vijana mnaopenda kuuliza, "Pasta, ulikula nini Lubumbashi?", leo nitawaambia yote. Mara kwa mara tunaitwa kule kwa mkutano wa wachungaji. Ni kilometa karibu 120. Ndani ya basi wenzangu wanasoma ripoti. Mimi ninasoma kando ya barabara. Basi likisimama ku bariere, wanakuja wamama na mayai ya kuchemsha, ndizi, mihogo na karanga. Wakati wa mvua kuna bowa, uyoga wa porini, uliopangwa chini kwa mafungu. Uko mmoja unaoota ku kichuguu cha mchwa, kofia yake inaweza kufika karibu metre moja. Wataalamu wanasema hakuna uyoga wa kuliwa unaoupita kwa ukubwa. Siku moja nilinunua mmoja nikaupakata ku magoti mpaka Lubumbashi kama mtoto mchanga. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama nitaubatiza.

Mkutano ukisimama saa sita, wengine wanabaki kunywa chai ya kanisa. Mimi ninakwenda ku soko ya Kenya. Pale kuna mama mmoja mwenye meza ya mbao na benchi mbili, ananijua.

"Pasta, karibu ku meza! Unakula nini leo?"

"Uko na nini, mama?"

"Niko na sombe, niko na lengalenga, niko na Thomson ya kukaanga. Bukari ya mahindi tupu ao ya kuchanga?"

Ya kuchanga, kila mara. Unga wa mahindi peke yake unashibisha, lakini ukichanganya na wa mihogo, bukari inakuwa laini, inavutika, inashuka yenyewe. Na sombe yake! Majani ya mihogo yaliyotwangwa mpaka yamesahau kwamba yalikuwa majani, na mawese juu yake. Thomson ni samaki wa bahari, anafika huku akiwa barafu, lakini mama yule anamkaanga mpaka unamla na mifupa.

Baadaye ninatafuta kikanda. Ukiiona unafikiri ni nyama, ukiuma unafikiri ni mkate, nayo si hiki wala si kile. Ni vizizi vya maua ya porini, okidi, vinavyokaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na karanga na pilipili na magadi, na kupikwa mpaka vinashikana kama kipande cha sabuni. Ndugu zetu wa Zambia wanaila sana. Kwao ni chikanda. Wanaila mpaka vizizi vinatafutwa kwa wengine: watu wanachimba milimani kusini mwa Tanzania na kuvivusha mpaka. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania ilifanya uwanda wa Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, na maua yale ni sababu moja kubwa. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Tangu nisikie habari hiyo, kila nikinunua kikanda ninaona kama ninakula bustani ya mtu. Ninainunua nusu kipande.

Juu ya vinywaji, mnajua msimamo wetu. Lakini kuna munkoyo. Wanapika uji wa mahindi, unapoa kidogo, wanatia mizizi ya porini iliyopondwa, na ile mizizi inageuza wanga kuwa sukari. Uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu bila mtu kutia hata kijiko cha sukari. Siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto. Siku ya tatu si cha watoto tena. Kwa hiyo mchungaji mwenye akili anauliza mbele, "Hii ni ya leo ao ya juzi?" Mwaka mmoja, jua kali, nilisahau kuuliza. Nilikunywa vikombe viwili vikubwa ku nyumba ya mzee wa kanisa, nikaenda kuhubiri. Watu walisema yale yalikuwa mahubiri ya nguvu kuliko yote. Bibi yangu alikuwa ku benchi ya kwanza, na macho yake hayakuniacha mpaka amina.

Kuna jambo moja ambalo si la kucheka. Huku Likasi samaki wabichi wengi wanatoka Kapolowe, katika ziwa Tshangalele, lile lililojaa baada ya mto Lufira kufungwa kule Mwadingusha ili kupata umeme wa migodi. Ni samaki watamu. Lakini maji ya viwanda na migodi ya mji huu yanashuka mtoni, na mto unashuka ziwani. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Tangu hapo bibi yangu anamuuliza kila muuza samaki, "Ya wapi?" Na kila muuza samaki anajibu, "Ya Kasenga, mama, ya Luapula!" Kama samaki wote wanaoitwa wa Kasenga wangekuwa wa Kasenga kweli, Luapula ingekauka. Tunanunua tu. Tutakula nini?

Nimewaambia hayo yote ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeingia katika ile nyumba.

Ilikuwa mwaka 2023. Mnakumbuka mwaka ule, bunga ilivyopanda bei Haut-Katanga yote. Mahindi yetu mengi yanatoka Zambia, na yakikosekana kule, huku sufuria zinakaa juu chini. (Mwaka uliofuata ukame uliwapiga Wazambia wenyewe, mpaka Februari 2024 serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa.) Nilikwenda kutembelea familia moja ya kanisa letu, hapa hapa Shituru. Baba wa nyumba ni mchimbaji, yuko mbali wiki nyingi, anachimba kwa mkono. Mama yuko na watoto watano. Tuliomba, tukaongea, nikataka kuaga. Mama akasema, "Pasta, hautatoka bila kuonja kitu."

Nilisikia harufu kabla ya kuona. Kuku. Kuku wa kienyeji, na nyanya na vitunguu, na bukari nyeupe iliyopanda kama kilima. Watoto walisalimia, wakatumwa inje. Hiyo ndiyo desturi yetu, watoto hawakai ku meza ya mgeni. Mama alikaa ku kiti kando ya mlango, akasema ameshakula.

Nilikula, ndugu msomaji. Nilikula paja, nikala kifua, nikala finyango. Nilimsifu mama kwa sauti. Halafu nikasema neno ambalo ninalisikia mpaka leo: "Mama, mchuzi huo uongeze kidogo." Akaongeza.

Nikaaga, nikafika karibu na njia ya gari-moshi, nikakumbuka kwamba Biblia yangu ilibaki ku kiti. Nikarudi. Mlango ulikuwa wazi. Watoto wote watano walikuwa chini kuzunguka sufuria. Mkubwa alikuwa anakwangua ukoko wa bukari na kuwagawia wadogo. Wawili walikuwa wanavunja mifupa, ile mifupa yangu, niliyoitoa mdomoni. Mtoto wa mwisho alishika sahani yangu kwa mikono miwili, uso wote umo ndani, analamba. Mama aliponiona alichukua mfuniko na kufunika sufuria haraka, kama mtu anayefunika uchi.

Hakuna aliyesema kitu. Halafu binti mmoja, wa miaka tisa hivi, akasimama, akafuta mikono ku nguo, akaniletea ile Biblia. "Pasta, ulisahau." Nilijua baadaye kwamba kuku alikuwa wake. Alikuwa anataga, na mayai yalikuwa yanauzwa kwa ajili ya madaftari.

Usiku nilimwambia bibi yangu. Nilifikiri atashangaa. Alisema, "Wamama wote wanajua vile. Wakisikia unakuja, wanahesabu kuku. Wewe tu ndiye haukujua." Nikamuuliza juu ya nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuambia miaka kumi na tano. Uliita mambo hayo wivu."

Jumapili iliyofuata nilitangaza kanisani: kuanzia leo, mchungaji akitembelea nyumba, hakuna kupika chakula cha mgeni. Nilifikiri nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimeanza. Mzee mmoja alisimama katika baraza akanikumbusha mjane wa Sarepta: Eliya alimwomba amtengenezee yeye kwanza, na unga haukuisha. Nikamjibu kwamba unga wa Sarepta haukuisha, lakini sufuria ya Shituru nimeona chini yake kwa macho yangu. Alinyamaza, lakini hakukubali. Na pengine alikuwa na haki kidogo, kwa sababu wiki ya pili nilikwenda kwa mama mzee mmoja, mjane, mwenye bamba la mihogo na karanga. Nikakataa. Nikasema kwa upole, "Hapana, mama, kula wewe." Aliniangalia kwa muda, halafu machozi yakatoka. "Mimi nimekuwa maskini wa namna gani," akasema, "mpaka Pasta hawezi kula kwangu?"

Nilikula ile mihogo. Ilikuwa mikavu na ilinikaba. Sikujua niseme nini, na ninaungama kwamba mpaka sasa sina sheria nzuri. Huku kwetu mtu kumpa mgeni chakula ni kusema, mimi pia ni mtu. Ukimkatalia, umemnyang'anya neno hilo. Ukimkubalia, umenyang'anya watoto wake. Ku shule ya Biblia hawakutufundisha hesabu ya namna hiyo.

Tunachofanya sasa ni bibi yangu aliyekipanga. Nikitoka kutembelea, anafunga mfuko mdogo wa bunga, pengine na chupa ya mafuta, ananitia ku pikipiki. Nikifika ninauacha ku jiko bila kusema, na mama wa nyumba anafanya kama hakuona. Tena ninaomba kukaa chini ku mkeka, na watoto wabaki. Wazee wengine bado wanaona ninajishusha. Wamama hawasemi kitu, lakini siku hizi sisikii tena kuku wakifukuzwa nyuma ya nyumba nikipiga hodi.

Mwezi uliopita nilirudi ku ile nyumba ya kwanza. Mama alipika bukari na bunga yetu, na sombe, na samaki mmoja, makubwa kiasi, "ya Kasenga". Tulikula sote ku sinia moja, mikono saba. Ninyi hamjui haraka ya mkono wa mtoto wa Shituru. Na mimi ninajua, nilikuwa naye. Nilikuwa nimelenga kichwa cha samaki tangu mwanzo. Kichwa ndicho kitamu kuliko vyote, mashavu yale, na ile nyama nyuma ya macho. Nikapeleka mkono. Mkono mdogo ulikuwa umeshafika. Yule wa mwisho, aliyelamba sahani, ameongeza urefu sasa, meno mawili hayako.

"Pasta," akasema, "kichwa ni yangu."

Mama yake alitaka kumpiga. Nikamwambia amuache. Nilimwachia kichwa chote, na mashavu. Lakini nilikiangalia mpaka kilipoisha.